Malango Saba na Alama Zake

Jumatatu, 2 Machi

Leo nimehamishwa. Miaka kumi na tisa nimekaa masjala, chumba cha chini ya ngazi, na majalada yangu yaliyofungwa kamba, wala hakuna hata moja lililowahi kupotea mikononi mwangu. Asubuhi Mhandisi Mkuu wa mamlaka yetu ya maji akaniita, akasema bila hata kunikaribisha kiti, "Wewe si mtu wa mafaili? Basi huko juu kuna mafaili yanakungoja." Vijana wake wawili wakacheka. Mimi sikucheka.

Huko juu ni chumba cha kompyuta, ghorofa ya pili. Dirisha halifungi vizuri, kiti changu kina mguu uliopinda, na jirani yangu wa meza ni fundi umeme anayeitwa Waya kwa sababu mfukoni hakosi kipande cha waya. Kabla ya saa nne alikuwa ameshanibatiza: Bi Faili. Nimeshaitwa vibaya zaidi ya hapo.

Kazi yenyewe ni hii. Bwawa letu lina malango saba. Kila lango lina kompyuta inayolifungua na kulifunga, na kompyuta hiyo hufuata programu, na programu huja ndani ya faili moja wanaloliita kifurushi. Kwa miaka mingi vifurushi vimenakiliwa na kunakiliwa tena, na sasa diski moja ina mafaili mia nne na kumi na mawili. Mhandisi amesema, "Yapange." Namna ya kuyapanga hakusema.

Nimeamua kuandika humu kila siku mpaka masika yaishe, kwa sababu jambo hili si la ofisini tu kwangu. Mimi na mama tunakaa Mtaa wa Chini, chini ya bwawa. Miaka mitatu iliyopita Lango la Saba lilikuwa na kifurushi kibovu. Maji yalipofika juu, badala ya kufunguka kidogokidogo lilifunguka lote kwa mkupuo. Hakufa mtu, tunashukuru, lakini mama alipoteza cherehani zake mbili, na ukutani sebuleni ukabaki mstari wa kahawia, usawa wa nyonga yangu. Mama hataki kuupaka rangi. "Nitaupaka siku nitakayoamini kwamba hayarudi," huwa anasema, na mazungumzo yanaishia hapo.

3 Machi

Nimesoma majina ya mafaili kutwa nzima. Lango_mpya. Lango_mpya_2. Lango_mpya_kabisa. Lango_ya_mwisho. Lango_ya_mwisho_kweli. Usiguse. Usiguse_2. Masjala mtu angeniletea jalada lenye jina la namna hiyo ningemrudisha nalo mlangoni.

Alhamisi, 5 Machi

Leo nimemuuliza Waya, kwa kuwa kuuliza si ujinga: "Hivi mnajuaje lipi ni lipi?"

"Tunaangalia jina, dada. Na tarehe."

"Jina anaandika nani?"

"Yeyote aliyenakili."

"Na tarehe?"

Akajikuna shingo. "Tarehe hubadilika ukinakili."

Nilimtazama mpaka akaona haya. Ndipo akasogeza kiti, akanionyesha kitu ambacho yeye mwenyewe alikisoma chuoni na hajakitumia tangu hapo. Unaiambia kompyuta ilipitie faili zima, tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho, kisha ikupe alama yake. Alama hiyo ni mstari mmoja wa tarakimu na herufi sitini na nne. Faili likiwa lilelile, alama ni ileile, hata uliite jina gani, hata ulihifadhi wapi. Ukibadilisha nukta moja tu ndani yake, mstari mzima unageuka, haufanani na wa kwanza hata chembe.

Sikuamini. Nikaandika barua fupi ya kumsema Mhandisi, nikaichukua alama yake, nikafuta koma moja, nikaichukua tena. Kweli. Mistari miwili kama ya watu wawili wasiojuana. Halafu nikaifuta barua, maana Mhandisi hupita nyuma ya viti.

Jioni nimemweleza mama. Alikuwa anapinda sketi ya mteja, pini tatu mdomoni. Akazitoa. "Sasa hilo ni jambo la kushangaza? Mtu akiniletea gauni akasema nimelishona mimi, silitazami kola, wala silisomi lebo. Lebo anashona yeyote. Nalipindua ndani nje, natazama mshono. Mshono wangu naujua." Akazirudisha pini mdomoni, somo likaisha.

6 Machi

Manyunyu.

9 Machi

Manyunyu. Mguu wa kiti umevunjika. Waya ameufunga kwa waya.

Jumatano, 11 Machi

Nimemaliza! Naandika ofisini, wakati wa chakula cha mchana.

Mafaili mia nne na kumi na mawili. Nimechukua alama ya kila moja, nikaziandika kwenye daftari kubwa la masjala, zile zinazofanana pamoja. Unajua ni mafaili mangapi kweli? Tisa. Tisa tu! Mengine yote ni nakala zilizobadilishwa majina. Lango_mpya_2 na Usiguse ni kitu kimoja. Lango_ya_mwisho na Lango_mpya nayo ni kitu kimoja.

Waya alikuja kusimama nyuma yangu, akasoma ukurasa mzima. "Dada," akasema, "mimi nimekaa humu miaka sita naogopa kufungua hii diski."

Nikamwambia masjala hatuogopi rundo, tunaanza na karatasi ya juu.

Jumamosi, 14 Machi

Tisa sawa, lakini kipi kati ya hivyo tisa ndicho kile kilichotufurikisha? Jana nilimuuliza Mhandisi. "Kile tulishakifuta zamani," akasema, macho yakiwa kwenye simu. Nikauliza nani alikifuta. Akasema, "Tulikifuta," na mimi nafahamu neno hilo: likisemwa kwa wingi maana yake hakuna aliyefanya.

Leo, ingawa ni Jumamosi, nimeshuka masjala. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama kwelikweli, nimetambaa chini ya rafu ya mwisho mpaka magoti yamekuwa meupe kwa vumbi. Jalada la ajali ya Lango la Saba lilikuwa palepale nilipoliweka miaka mitatu iliyopita. Kiambatisho cha tano, ripoti ya wachunguzi: alama ya kifurushi kilicholeta mafuriko, imepigwa chapa yote sitini na nne. Inaanza 7c1f. Na chini yake, barua iliyotumwa na watengenezaji wenyewe kwa posta, yenye mhuri wangu wa kupokea, ikitaja alama ya kifurushi kilichorekebishwa, toleo la nne. Inaanza b40e.

Mimi ndiye niliyezipiga mhuri karatasi hizo siku ile, bila kujua nimeshika nini. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu.

Nikapanda juu, nikafungua daftari. Kizuri kipo, nakala kumi na nne. Na 7c1f pia kipo. Hakikufutwa kamwe. Kina nakala thelathini na nane, kwa majina ishirini na moja. Mojawapo ni Lango_mpya_kabisa.

Kicheko kiliniisha.

Jumatatu, 16 Machi

Mhandisi amesikiliza nusu. "Diskini kipo, sawa, utakifuta. Lakini malangoni kote kuna toleo la nne. Skrini zenyewe zinaandika TOLEO LA NNE."

"Maandishi hayo ya skrini anayaandika nani, Mhandisi?"

Waya akakohoa. Anayaandika mwenyewe kwa kibodi, yule anayeweka kifurushi. Lebo ya kola.

Nikaomba tuweke upya kifurushi kizuri kwenye malango yote saba. Akasema kuweka kifurushi ni kulisimamisha lango nusu siku, na mvua ziko mlangoni, hawezi kusimamisha saba kwa ajili ya wasiwasi wa mtu wa masjala. Hilo la mwisho limenichoma. Lakini amekubali niwapigie simu walinzi wa malango wanisomee alama zao. Vibanda vyao havina mtandao, simu tu. "Ukiniletea lango moja lenye alama mbaya," amesema, "nitainuka hapa nilipokaa."

Nimeliandika neno hilo kama alivyolitamka, lisije likasahaulika.

19 Machi

Mvua ya kwanza ya kweli. Nimenakili alama nzuri kwa mkono wangu kwenye karatasi saba, nikazituma kwa gari la doria, ili kila mlinzi alinganishe na skrini yake. Nimewapa na maelezo ya vitufe vya kubonyeza.

20 Machi

Mvua.

23 Machi

Mvua. Mama amepandisha vitambaa juu ya kabati.

Jumanne, 24 Machi

Simu zimeanza. Alama haina herufi nyingine zaidi ya sita za mwanzo wa alfabeti, kwa hiyo tumekubaliana namna ya kusoma: a ya ami, b ya baba, c ya cherehani, d ya dada, e ya embe, f ya fundi. Lango la Kwanza, sawa. La Pili, sawa. Mlinzi wa Lango la Saba, ambaye kila anapoulizwa hali hujibu "shwari" na jina likamganda, amenisomea yote sitini na nne bila kukwama, kama mtoto anayesoma shairi alilolikariri. Sawa. Nilipumua. Nilitaka kumbusu kupitia simu.

Kisha Lango la Tatu. Huko yuko mwanamke mmoja, mtu mzima wa miraba minne, sauti yake hujaza bonde. Wote tunamwita Shangazi. Akasoma vizuri mpaka karibu na mwisho.

"...a ya ami, tatu, b ya baba, nane..."

"Simama hapo, Shangazi. Ni a, tatu, sita, nane."

"Ni baba."

"Kwenye karatasi ni sita."

"Karatasi ninayo, mwanangu, na kweli imeandikwa sita. Lakini mimi hukuniambia nisome karatasi. Umeniambia nisome skrini. Skrini inasema baba."

Nikamwambia asome tena. Baba. Mara ya tatu, baba, na akaongeza kwamba macho yake yameona mengi kabla mimi sijazaliwa. Lango la Nne sawa, la Tano sawa, la Sita sawa. Sita kwa moja. Nimeandika: Lango la Tatu lina kasoro.

Jumatano, 25 Machi

Leo nimefanya jambo la aibu na naliandika lote.

Asubuhi nimempelekea Mhandisi karatasi: Lango la Tatu si salama. Nilitembea kifua mbele, na neno lake la kuinuka kwenye kiti nilikuwa nalo ulimini. Akainuka kweli, akapiga simu lango lisimamishwe, akamfokea Shangazi kwamba amechezea kompyuta. Nilimsikia Shangazi kwenye simu ya Mhandisi, ingawa nilikuwa nimesimama meta mbili kutoka mezani kwake. "Sikugusa kitu! Muulizeni huyo binti, anipigie mwenyewe!"

Nikarudi mezani nikiwa mshindi. Nikafungua daftari ili nipige mstari, na hapo kitu kikanigonga.

Herufi moja. Shangazi ametofautiana nami herufi moja kati ya sitini na nne. Na mimi mwenyewe nilifuta koma siku ile nikaona mstari mzima umegeuka. Faili baya haliwezi kuwa na alama inayofanana na nzuri sitini na tatu kwa moja. Haiwezekani. Kama Lango la Tatu lingekuwa na faili jingine, Shangazi asingefika hata herufi ya tano.

Nikatoa barua ya watengenezaji. a, tatu, b, nane. B! Mimi ndiye niliyekosea kunakili. Daftarini niliiandika b, lakini herufi yangu ya b, tangu shuleni, ina tumbo kubwa na shingo fupi, nami nilipoinakili kutoka daftarini nimeisoma sita nikaiandika sita kwenye karatasi zote saba.

Basi Shangazi yuko sahihi. Lango lake ni zima kuliko yote.

Halafu, nikiwa bado nimeshika barua, likanijia la pili, na hilo lilikuwa baya zaidi. Ikiwa sita hiyo ni kosa langu, haipo kwenye skrini yoyote duniani. Iko kwenye karatasi zangu tu. Wale sita walioniambia "sita" hawakusoma skrini. Wamenisomea karatasi yangu mwenyewe.

Nimewapa jibu kabla ya swali. Miaka kumi na tisa masjala, na nimefanya kosa ambalo ningemfukuzia mtu!

Nilipanda kwa Mhandisi kusema ukweli. Nilikuta vijana wake wawili wapo, nikasema mbele yao. Hakupiga kelele, aliagiza Lango la Tatu lirudishwe kazini. Kwangu alisema tu, "Rudi masjala, Bi Faili," na kwa mara ya kwanza jina hilo liliuma.

Nimempigia Shangazi kumwomba radhi. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha: "Wewe ni mwanangu, nimesamehe. Lakini ukinitilia shaka tena nitashuka huko na miguu yangu, na ukumbuke sina breki." Nikacheka huku nalia.

26 Machi

Sikurudi masjala. Nimekaa kwenye kiti cha waya. Hakuna aliyekuja kunitoa.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua tangu alfajiri. Waya amenisogezea simu yake. "Piga," akasema. "Mhandisi yuko kikaoni mpaka saa nane. Na dada, safari hii usiwaambie kitu."

Nimewapigia mmoja mmoja. Chaneni karatasi yangu, nimewaambia, nataka nisikie inavyochanika. Nimesikia. Kisha nisomeeni skrini, na mimi nitanyamaza kimya mpaka mwisho. Wamenung'unika sana. Wa Lango la Nne amekiri mara moja: "Kompyuta inachukua robo saa kuwaka, na karatasi yako ilikuwa hapa mezani. Nikaona shida ya nini?" Wa Kwanza hivyohivyo, wa Pili hivyohivyo. Sikuwagombeza, ningeanzia wapi?

La Kwanza, baba. La Pili, baba. La Nne, la Tano, la Sita, wote baba. Kila baba aliyetajwa nilipiga ngumi juu ya meza, na Waya akawa anapiga pamoja nami.

Shwari hakupokea simu.

Jumamosi, 28 Machi

Hapokei.

Jumatatu, 30 Machi

Shwari amepokea saa tatu asubuhi. "Shwari," akasema.

"Chana karatasi, washa kompyuta, unisomee."

"Lakini nilishasoma, bibie..."

"Umesoma mwandiko wangu, ndugu. Leo nisomee skrini."

Robo saa nzima nikasikia mvua ikipiga bati la kibanda chake. Waya amesimama. Vijana wawili wa Mhandisi, sijui walifuata nini, wamesimama nao.

"Haya," akasema Shwari. "Saba."

Sikusema kitu.

"C ya cherehani. Moja. F ya fundi."

Nilifunga macho. Cherehani za mama. Nikamwacha asome zote sitini na nne, nami nikizifuata kwa kidole kwenye kiambatisho cha tano, herufi kwa herufi, mpaka mwisho. Ndicho. Kifurushi cha mafuriko kiko ndani ya Lango la Saba, juu ya mtaa wetu, mwezi wa masika, na skrini yake imeandikwa TOLEO LA NNE.

Nilichukua ripoti, barua na daftari, nikaingia kwa Mhandisi bila kubisha. Nikaviweka mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, maneno nilikuwa nayo. Akasoma mara moja, akasoma mara ya pili.

"Lango la Saba niliweka mimi," akasema. "Mwaka jana, masika yalipokwisha. Kwa mikono yangu. Kifurushi kilikuwa kinaitwa..." Akasita. "Kinaitwa Lango_mpya_kabisa."

Angeweza kukana, hakuna aliyemwona. Na mimi, niliyemchukia mwezi mzima, nikaona mtu anameza kitu kigumu na hakitemi.

Kisha akainuka kwenye kiti. Akavaa koti la mvua. "Maji yako wapi?"

"Sentimita arobaini chini ya mstari mwekundu," akasema Waya. Kwenye mstari mwekundu lango hujifungua lenyewe.

"Kwa mvua hii ni kesho asubuhi. Tuna muda wa kuliweka upya mara moja tu. Kifurushi anachukua huyu mama, kwa alama, si kwa jina. Twende."

Huyu mama! Nilichukua kifurushi kizuri kwenye flashi, nikachukua alama yake nikiwa nimesimama: b40e na zote zinazofuata, b yenye tumbo nikiitazama mara tatu. Njiani gari lilikwama kwenye tope mara mbili. Mara ya pili mimi na Mhandisi tulisukuma bega kwa bega, Waya akikanyaga mafuta, na sote wawili tukarushiwa tope hadi nywele. Akanitazama, nikamtazama, tukaangua kicheko tusichoweza kukizuia.

Kibandani Shwari hakusema shwari. Alivua kofia, akasema, "Nimekosa." Mhandisi akamjibu, "Tumekosa wengi. Washa mashine."

Kuweka kulichukua saa nne. Kila nilipotoka nje niliona maji yamepanda kidole kingine. Kilipoingia, Mhandisi akataka kusoma alama, nikamzuia. Nikamwambia utaratibu wangu, nilioutunga mle garini: anayesoma skrini haoni karatasi, na mwenye karatasi hasemi neno. Akageuza kiti, akanipa mgongo. Mhandisi Mkuu mzima akasoma kwa sauti, "B ya baba, nne, sifuri, e ya embe," na mimi nyuma yake, na daftari langu, kidole kikitembea. Alipofika a, tatu, kidole changu kikasimama.

"B ya baba," akasema.

"Nane," nikasema, nikavunja utaratibu wangu mwenyewe.

Jumanne, 31 Machi

Saa moja na nusu asubuhi maji yamegusa mstari mwekundu. Nilikuwa nyumbani, nimesimama uani na simu sikioni, Shwari upande wa pili.

"Limeanza," akasema. "Limefunguka kidogo... limetulia. Limefunguka tena kidogo... limetulia." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemtazama mtoto akijifunza kutembea. "Linakwenda taratibu, bibie. Taratibu kabisa!"

Mto umepanda hadi ukingoni, ukakaa hapo kutwa nzima, mkubwa, mchafu, na haukuvuka. Majirani walitoka na miavuli kuutazama. Mimi nilipiga kigelegele peke yangu katikati ya barabara, na wasiojua sababu wakaitikia.

1 Aprili

Mvua. Taratibu.

2 Aprili

Mvua. Taratibu.

8 Aprili

Shangazi ameshuka kweli, kwa lifti ya gari la doria, akaja hadi mezani kwangu kuniona. "Kumbe wewe ni mdogo hivi," akasema. Kisha akamwendea Mhandisi. Mlango ulifungwa, lakini sauti ile haijui milango, na jengo zima limesikia Mhandisi akisema, "Samahani, Shangazi," mara tatu.

Ijumaa, 24 Aprili

Tangazo limebandikwa, limetiwa saini na Mhandisi: kuanzia leo hakuna kifurushi kitakachowekwa wala kuitwa kwa jina la faili. Kitaitwa kwa alama, alama itatoka kwenye barua iliyopita masjala, na atakayeisoma skrini hataiona karatasi. Nakala zote thelathini na nane za 7c1f zimefutwa leo, moja baada ya nyingine, mimi nikibonyeza na Waya akihesabu kwa sauti. Kabla ya hapo nilinakili moja tu, ipo kwenye diski iliyofungwa ndani ya jalada la ajali, kwa sababu mtu wa masjala hachomi ushahidi.

Nina kiti kipya. Waya ameomba abaki na kile cha zamani.

Jumapili, 10 Mei

Mvua zimekatika. Siku tatu jua. Leo nilimkuta mama amesimama sebuleni, ameegemeza kiganja kwenye ule mstari wa kahawia kama anayempima mtoto urefu. Nilidhani anawaza cherehani zake. Nikataka kumwambia pole.

"Unatazama nini?" akasema bila kugeuka. "Kanunue rangi."

Nikageuka kutafuta viatu vyangu.

"Nyeupe," akaongeza. "Na uwaambie wafungue kopo uone ndani. Usiniletee kwa kusoma lebo."